Kula Chumvi

Kila asubuhi, kabla ya chai, kabla ya kusema na mtu,
napanda mizani.
Si ya hospitali. Hii ni ya kupimia magunia,
nilipewa nilipoacha kazi pale visimani, Uvinza.
Ina kutu pembeni, na inanipima kama ilivyopima chumvi,
bila kuniuliza nimelalaje.
Adventina anaandika kwenye daftari la Butoyi,
nyuma ya hesabu za kugawanya:
sitini na moja. Sitini na moja na nusu. Sitini na moja.

Kifuani nina vali ya chuma.
Usiku ukitulia inasikika,
na Butoyi aliwaambia wenzake shuleni
babu amemeza saa.
Walinipasua Dar es Salaam, wakanishona,
wakanipandisha treni na mfuko wa dawa
na maneno manne:
maji pima, chumvi acha.

Nilicheka, mshono ukauma.
Miaka thelathini na moja nimechemsha maji ya chumvi,
nikiyakimbiza kwa kuni za miyombo
mpaka yapae yote, karai libaki jeupe.
Nimefukuza maji mangapi? Ziwa dogo, labda.
Sasa yamepajua ninapokaa.
Yanaingia usiku bila hodi,
yanaanzia vifundoni, yanapanda muundi,
kukicha kiatu kinanikataa.
Adventina anabonyeza kwa dole gumba, anaachia,
shimo linabaki
kama unyayo wa mtu aliyepita tope la Malagarasi
na hakurudi kulifuta.

Lita moja na nusu kwa siku.
Zimo kwenye chupa moja, na kila kitu hutoka humo:
chai, uji, funda la kumezea vidonge.
Mwezi wa Septemba, saa nane mchana,
nanyonya kipande cha ndimu
na kumtazama kuku akinywa pale kwenye kigae,
anainua kichwa, anashusha, anainua.
Mzee mzima, namwonea wivu kuku.

Halafu ukaja msiba wa Ntahondi.
Tulisukuma toroli pamoja, mimi na yeye,
meno yake yalikuwa mabovu na vicheko vyake vizima.
Wageni wa kutoka Kigoma walileta migebuka mikavu,
chumvi imeganda kwenye mapezi kama umande.
Nilikula mmoja.
Nilimwambia Adventina nilikula mmoja.

Sitini na tatu na nusu.
Kalamu ikasimama hewani.
"Mizani imekosea," nikasema.
Akanishusha, akapanda yeye.
Mizani haikukosea.

Usiku ule nililala nimeketi, mito mitatu mgongoni,
nikivuta pumzi kama ninayevuta ndoo kisimani.
Sista Perusi alisema kwenye simu:
kidonge cha maji, ongeza kimoja.
Pumzi ikizidi kubana usingoje kuche, mje.
Pumzi haikuzidi.
Kilichozidi ni ndoo.
Nilikojoa kama bati la mwezi wa Machi.
Adventina akatoka na tochi, akarudi,
akatoka, akarudi, mara nne, bila neno.
Treni ya mizigo ikapita. Mara ya tano
akasimama mlangoni, ndoo mkononi:
"Haya. Ndiyo migebuka yako hiyo. Yote miwili."

Wanasema mzee ni yule aliyekula chumvi nyingi.
Nimewaza sana maneno hayo mwaka huu.
Ntahondi aliila yake, ameimaliza.
Mimi yangu wameifungia kabatini.

Siku ya nne, sitini na moja na nusu.
Ukanda wa ndara ukafika tundu la pili.
Mchana Adventina akapakua maharage,
nyanya, kitunguu, ndimu, basi,
akajipakulia yeye kutoka chungu kilekile.
Moyo wake hauna kosa lolote, nikamwambia,
aitie chumvi sahani yake.
Nikainuka hata kukifuata kikopo.
"Keti," akasema.
Maharage hayakuwa na ladha.
Tukala.